Gari la Waya la Kelebonye

Likizo ya Agosti ilipoanza, wazazi wa mtaa mmoja wa Molepolole walimwachia Mma Ditiro, yaani Mama Ditiro, watoto kumi na tisa katika ukumbi wa kanisa. Mkubwa alikuwa na miaka kumi na mitatu. Mdogo kabisa alikuwa bado akisinzia saa nne asubuhi. Sanduku la vifaa aliloahidiwa halikufika, basi akatumia alichokipata. Wa miaka mitatu hadi mitano aliwapa udongo wa kichuguu wafinyange ng'ombe. Wa sita hadi tisa walikata magazeti vipande virefu, wakavipaka uji uliopoa, wakavizungusha kwenye kijiti mpaka vikawa shanga. Wakubwa walipewa waya mkuukuu wa uzio watengeneze magari.

Alikuwa amefundisha chekechea miaka ishirini na miwili, na alijihesabu kuwa anawajua watoto. Ndiyo maana hakusita alipoingia Kelebonye, msichana wa miaka kumi na mmoja, ambaye mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu tangu azaliwe.

"Wewe kaa pale na wadogo, mwanangu. Udongo ni laini."

Kelebonye aliutazama mkeka, akamtazama yeye. "Sawa, Mma."

Alikaa. Mtoto wa miaka minne akaanza kumfundisha namna ya kuweka pembe. Thuso, mmoja wa wakubwa waliokuwa wakipinda waya dirishani, akasema, "Naona mwenzetu karudishwa chekechea." Wenzake wakacheka. Mma Ditiro alimkemea, akaona yamekwisha. Mchana alipokusanya ng'ombe akawaanike, mbele ya Kelebonye palikuwa na donge la udongo vilevile alivyompa.

Kesho yake hakuja. Keshokutwa pia. Jioni hiyo Mma Ditiro akajifunga shali, akaenda kwa kina Kelebonye kwa miguu. Bibi wa msichana alikuwa uani akichambua kunde.

"Anaumwa?" Mma Ditiro aliuliza baada ya salamu.

"Haumwi. Kanuna. Tangu juzi hata mbuzi wanampisha njia. Yuko nyuma huko."

Nyuma ya nyumba Kelebonye alikuwa ameketi chini. Alikanyaga ncha moja ya waya kwa kisigino, nyingine akaizungusha kwenye nguzo kwa mkono wa kushoto. Pembeni palikuwa na gari karibu zima: bodi, usukani mrefu wa kusukumia, na magurudumu ya vifuniko vya makopo ya dawa ya viatu.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna mtu."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mma. Ulinionyesha pa kukaa."

Mma Ditiro alilitazama lile gari. Walimu wangapi wachanga aliwaambia wamtazame mtoto kwanza kabla ya kumpa kazi? Akachuchumaa. "Nilikukosea. Nisamehe."

Kelebonye aliendelea kuzungusha waya. Bibi akakohoa kutoka uani. "Mjibu mtu mzima."

"Nimesikia, bibi. Nafikiria." Akamaliza kupinda kona, kisha akasema, "Nitakuja kesho. Lakini nakaa na wakubwa. Na mtu asinishikie waya mpaka nimwombe."

"Tumepatana."

Asubuhi alifika na gari lake begani. Thuso alilisukuma mara moja sakafuni. "Linakwenda kushoto tu hili. Ekseli imepinda." Akanyoosha mkono airekebishe.

"Nionyeshe kwa kidole," Kelebonye alisema. "Usishike."

Thuso akaonyesha. Msichana akavua kiatu, akaanza upya. Mara mbili waya ulichomoka, mara ya pili ukamkwaruza muundi ukatoa damu. Mma Ditiro alimpelekea kitambaa, akarudi kukaa kwenye kiti chake, ingawa mikono ilimwasha. Kufika saa sita gari lilikwenda hadi lango la kanisa bila kugonga ukuta. Lilivuta kushoto bado, ila kidogo.

Siku iliyofuata wavulana wawili walikuwa peku, wamekanyaga waya kwa visigino, maana koleo lilikuwa moja na wao saba.

Jumatatu Mma Ditiro hakupanga tena watoto kwa miaka. Aliweka udongo, karatasi na waya sehemu tatu, akawaacha wachague. Wakubwa wawili walikwenda moja kwa moja kwenye udongo, wakatumia nusu yake kwa fahali mmoja. Wadogo wote walikimbilia waya. Hapo alikataa: una ncha kali, wasubiri wakue. Mmoja alilia mpaka wakati wa chai.