Betri Iliyoanikwa na Korosho

Kabla ya alfajiri simu ililia ti-ti juu ya kabati, ikazimika. Nikaketi kitandani. Binti yetu Shakila alikuwa hospitali Masasi, mimba imetimia; juzi nilikwenda kumtazama, nikarudi siku hiyohiyo. Alisema atapiga saa kumi jioni: kama amejifungua salama, nishukuru Mungu, kama anapasuliwa, nipande gari jioni hiyohiyo.

Jua lilipotoka, mume wangu Halfani aliitoa betri ya simu akaianika kwenye jamvi la korosho, kama tunavyoanika mawe ya redio yakiisha nguvu. Alitaka kunipunguzia safari ya kwenda kuchaji sokoni. Niliporudi kutoka kuteka maji, betri ilikuwa imevimba kama andazi.

"Mawe ya redio hayajawahi kunifanyia hivi," alisema, uso umemshuka.

Sikumgombeza. Tulishika njia hadi sokoni Kitangari, kwa Mama Regina, anayechaji simu za watu kwa betri ya gari.

"Shikamoo bibi. Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu."

Aliigusa betri yetu kwa ncha ya kidole, akaiweka mchangani, mbali na watu. "Hii sichaji. Inaweza kuwaka moto."

Kisha akachomoa betri ya simu yake mwenyewe, tupu lakini nzima. "Tutumie hii."

Halfani akaonyesha waya mnene uliotoka moja kwa moja kwenye betri ya gari. "Tia ule, ijae upesi."

"Babu, leo umeshapika moja, unataka na ya pili?" Watu wakacheka, na yeye akacheka. Hapo akageukia betri. "Hii imeandikwa mia nane, ndiyo chaji inayobeba. Mimi naipa mia nne kwa saa, taratibu. Ukiishindilia, inavimba kama yenu."

"Itawahi saa kumi?" niliuliza.

"Itawahi, ikiwa hamtaichomoa."

Chaja zote zilikuwa na simu. Nurdin, muuza vitunguu, akaitoa yake. "Yangu ni ya salamu tu, bibi. Weka."

"Sitoki hapa," nikasema, nikaketi kwenye gunia. Kila Halfani aliponyoosha mkono aichungulie, niliushika nikaubakiza mapajani mwangu.

Saa kumi ilipokaribia, Mama Regina akaitia betri kwenye simu yetu. Ikawaka. Punde ikalia.

"Mama?" Sauti ya Shakila ilikuwa ndogo, na nyuma yake kichanga kikilia. "Ni wa kike. Hawakunipasua."

"Alhamdulillahi, mwanangu."

"Ila juzi ulikaa kidogo mno. Uje tena kunitazama, mama."