Sahani ya Mama Madhabahuni

Herlinda aliwapikia watu wa Chicago miaka nenda miaka rudi, akafungua mikahawa mitatu, akaandika vitabu vya mapishi vyenye uso wake kwenye jalada. Mtu mmoja tu hakuwahi kuionja kazi yake: mama yake, Doña Fidencia. Viza alinyimwa, na kila alipobembelezwa kwa simu aombe tena alijibu, "Njoo unipikie hapahapa nyumbani Oaxaca, mwanangu." Herlinda aliahidi. Lakini kulikuwa na mkahawa wa kufungua, kisha kitabu cha kumalizia. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Hii iliumiza moyo, maana mama hakungoja.

Sasa ilikuwa Siku ya Wafu, ya kwanza tangu mama azikwe, na Herlinda alikuwa amerudi Oaxaca. Wafu huja kula utamu wa vyakula vilivyowekwa madhabahuni nyumbani, na adhuhuri ya siku ya pili, kengele za kanisa zikilia, huondoka. Walichokula hubaki sahanini bila ladha. Herlinda alilijua hilo tangu utotoni.

Akapika mole, ule mchuzi mweusi wa pilipili na chokoleti. Dada yake Casimira, aliyebaki na mama mpaka mwisho, alichungulia chunguni.

"Mbegu za pilipili huziunguzi mpaka ziwe majivu?"

"Mchuzi utakuwa mchungu. Wateja hawaupendi."

"Mama aliupenda. Nyumba nzima tulikuwa tukikohoa, umesahau?"

"Casi, mole hii nimeiandikia kitabu."

"Haya, mwenye kitabu." Casimira akacheka, akapakua bakuli la maharage yake ya kila siku, akaliweka madhabahuni kando ya sahani nzuri ya mole.

Kesho yake kengele zikalia. Herlinda, aliyekula jasho lake kwa kutia vyakula ladha, aliomba kimoyomoyo chakula chake kiwe chapwa. Akachovya kipande cha chapati ya mahindi kwenye mole.

Mole ilikuwa tamu. Kila kiungo kilikuwa mahali pake, kama ilivyotoka jikoni.

Casimira, aliyekuwa akila maharage, akasita. "Mbona hayana hata chumvi?" Kisha akauona uso wa dada yake. "Labda nilisahau kutia."

"Ulitia. Nilikuona."

Herlinda akalivuta lile bakuli, akayala maharage yasiyo na ladha mpaka yakaisha, machozi yakimtiririka, maana ndicho chakula pekee ambacho mama alikuwa amekigusa.