Ugomvi Uliouzwa Pamoja na Kampuni

Siku mume wangu aliponyang'anywa kampuni yake ya mieleka, mimi nililala usingizi wa pono. Najua mke mwema hasemi hivyo, mtanisamehe. Alirudi nyumbani mchana kweupe, amekumbatia kengele ya ulingoni, kitu pekee walichomwachia. Akasema wenzake wameuza hisa zao kwa tajiri mmoja, na ofisini kitasa kimeshabadilishwa. Nikampa pole, nikamtilia chai, kisha nikajifungia chumbani nikacheka mpaka machozi yakanitoka. Kwa mara ya kwanza tangu anioe, simu yake ilikuwa kimya.

Ili mnielewe, itabidi niwape siri ambayo hata watoto wetu walifundishwa kuimeza. Mieleka ile hupangwa. Nani ataanguka, nani atabebwa juujuu, hayo humalizwa kabla ukumbi haujafunguliwa. Maumivu ni ya kweli, chuki ndiyo ya kutunga. Na hakuna chuki iliyojaza viti kama ile ya Bosi Nuksi na Tingatinga. Bosi Nuksi ni mume wangu mwenyewe, promota aliyepanda ulingoni na suti nyekundu kumdhulumu mpiganaji kipenzi cha watu. Tingatinga ni mdogo wake wa tumbo moja. Watu walijua ni ndugu, na hapo ndipo utamu wao ulipokuwa. Majirani wa mama mkwe walikuwa wakimpa pole kwa kuzaa malaika na nyoka.

Sasa kazi ile ina sheria moja isiyo na msamaha: maadui hawaonekani pamoja. Shemeji yangu alikuwa akija kwetu kwa mlango wa jikoni, kofia imemfunika mpaka puani, anakula mapazia yamefungwa kama mwizi. Baba yao alipofariki, walisimama pande mbili za kaburi, kila mmoja akilia kivyake, kwa sababu mashabiki walikuwa wamejaa makaburini. Nilimwona mume wangu akinyoosha mkono kuelekea kwa mdogo wake, halafu akaurudisha mfukoni. Siku ile niliichukia mieleka kwa moyo wangu wote, na sijaacha.

Hadharani waliweza kuzungumza mahali pamoja tu, katikati ya ulingo. Wapiganaji wakikabana, mmoja humminya mwenzake kiganja kwa siri. Maana yake: uko salama? Aliye salama naye huminya. Jumamosi iliyofuata mazishi walipigana, na mume wangu aliniambia kwamba walishikana viganja wakaminyana, wakaminyana, mpaka mwamuzi akajikohoza.

Kwa hiyo kampuni ilipokwenda, mume wangu alinuna siku mbili, ya tatu akaamka anapiga mluzi. Akampigia mdogo wake.

"Wewe! Njoo kesho tukakae kwa mama, barazani. Mlango wazi! Tutembee mtaani kama watu!"

Nikamwona uso unamshuka. Aliposhusha simu alikuwa kama mtu aliyemwagiwa maji.

"Haji," akasema. "Bado ana mkataba. Yule tajiri amepanga mwaka mzima wa Tingatinga kuapa ulingoni kulipiza kisasi kwangu, hata kama mimi sipo. Akionekana anacheka na mimi, hana kazi. Na watoto wake watatu wako shule." Akapiga meza. "Wamenunua mpaka ugomvi wangu! Ugomvi nilioutunga mwenyewe, hapahapa jikoni, wewe ukimenya viazi!"

"Viazi vyenyewe viliungua," nikamkumbusha.

Hakucheka. Wiki zile alikuwa mzigo nyumbani, sitaki kudanganya. Hana ukumbi, basi akautafuta popote. Binti yetu akienda kuoga, anamtangaza kwa uzito wake na mji anaotoka. Paka akiingia, anagonga kengele. Lakini alikuwa analala, anakula, na alianza kunitazama usoni ninapozungumza naye. Kilichobaki kumkwama kooni ni kimoja tu, mdogo wake.

Ndipo mama mkwe akateleza bafuni akavunjika kifundo cha mguu. Hospitali walimfunga plasta, wakamlaza ghorofa ya pili. Kila mtoto alimtembelea kwa zamu yake, yule akitoka huyu anaingia. Mama ni mtu mpole, ila akishakata kauli umekwisha. Siku ya kuruhusiwa akatuita sote.

"Nimezeeka nikiwa na watoto wa zamu," akasema. "Leo natoka na wote wawili. Mlango wa mbele."

Shemeji alikuwa amepanda kwa ngazi za nyuma, na barakoa na kofia. Akamchutamia kitandani.

"Mama, nitakubeba mpaka chini. Ila mlango wa mbele, hapo utanisamehe. Wakiniona na kaka, kesho sina kazi."

"Kiti cha magurudumu kipo," muuguzi akasema kwa upole, "ila lifti imekufa tangu asubuhi. Niwaite wabebaji?"

"Wa nini?" mama akasema. "Nimezaa mabega manne."

Wakatazamana, kisha wakafanya kile walichokuwa wakifanya utotoni kubebea watoto wa jirani: wakashikana mikono wakatengeneza kiti, mama akakaa juu, akawakumbatia shingo. Mimi nikatangulia na mfuko wa nguo na magongo. Kulingana na mapatano, tukifika chini shemeji angemkabidhi mama kwangu na kwa mume wangu, kisha apotelee kwa mlango wa jikoni ya hospitali. Mama alisikia mapatano hayo, akanyamaza. Kunyamaza kwake kulinitia wasiwasi.

Tulipokanyaga sakafu ya chini, yule mama mzee akanyoosha mkono mmoja, taratibu kabisa, akamvua mwanawe barakoa.

"Joto," akasema.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umejaa. Mlinzi wa mlangoni akamaka, "Tingatinga!" Vichwa vikageuka. Mama mmoja aliyekuwa kwenye foleni ya dawa akamtambua mume wangu, akamnyooshea kidole. "Na yule shetani kaka yake! Mwachie mama yetu!" Simu zikainuliwa.

Hapo mume wangu akafanya kosa ambalo mtu mwenye kazi nyingine duniani asingelifanya. Aliona watu, na mwili ukamponyoka. Kifua kikavimba, nyusi zikapanda, akanguruma kwa ile sauti ya suti nyekundu: "Tingatinga! Ulidhani utanikimbia? Leo utapiga magoti mbele ya—" Yote hayo amembeba mama yake mzazi.

"Nishusheni kwanza," mama akasema, "halafu muuane."

Watu wengine wakacheka, wengine wakangoja. Mume wangu akagundua anachofanya, uso ukamwiva kwa aibu. Lakini nilielewa, na mdogo wake alielewa pia: alikuwa amempa njia ya kutokea. Shemeji angejibu neno moja tu la kisirani, akasukuma, akaondoka zake na kazi yake ikapona. Nilijua akiondoka safari hii, mume wangu hatamwita tena.

Shemeji alimtazama kaka yake. Akatazama zile simu.

"Kaka," akasema, kwa sauti yake ya nyumbani ambayo watu wale hawajawahi kuisikia, "pandisha mkono kidogo. Mama anateleza upande wako."

Yule mama wa foleni alishusha kidole chake polepole.

"Utafukuzwa," mume wangu akanong'ona.

"Na nifukuzwe. Nimechoka kukuchukia kwa mshahara. Nitabeba mizigo sokoni, nina mgongo. Twende."

Wakaanza kutembea. Mlinzi akawapisha, mdomo wazi. Katikati ya ukumbi mama akajipindapinda pale juu ya mikono yao.

"Nyie mnachezea nini huko chini? Mbona mnaminyana?"

"Tunaulizana hali, mama," shemeji akasema.

"Ulizaneni kwa mdomo. Niliwazaa na midomo."

Mume wangu akajaribu kusema, sauti ikagoma. Mtu aliyetangaza mapambano bila kipaza sauti alisimama mbele ya umati ule akitafuta neno kama mtoto. Kisha likatoka, dogo, linakwaruza.

"Uko salama, mdogo wangu?"

"Niko salama, kaka."

Machozi yalikuwa yananitiririka na mikono yangu imejaa magongo. Nikausukuma mlango wa mbele kwa nyonga, nikaushikilia mpaka wote watatu wakapita.