Karoti za Baba

Tangu daktari amwambie ale mboga kwa wingi, baba alisusa chakula cha mama. Alishikilia kwamba moto unaua kila kitu, basi akawa anatafuna karoti mbichi peke yake kibarazani, na mama akila jikoni, amenuna.

Dada yangu, ambaye ni muuguzi, alipokuja kututembelea, walimvamia kabla hajavua viatu.

“Mwambie mama yako mboga zikipikwa zinabaki makapi!”

“Na wewe mwambie baba yako yeye si sungura!”

Dada alicheka mpaka akakaa chini. “Baba, kabichi na hoho ukila mbichi unapata vitamini C nyingi zaidi, hapo umepatia. Lakini karoti ikipikwa na mafuta kidogo, mwili unaifaidi zaidi.”

Baba akasema polepole, “Kusema kweli, taya zinaniuma.”

Mama hakumcheka. Alikaanga karoti kidogo, akakatakata kabichi mbichi pembeni ya sahani, akavuta kiti chake hadi kibarazani. Wakala pamoja, wakibishania chumvi.