Jina Lililokuwa Ndani ya Wimbo wa Tano

Albamu yetu ya kwanza ilikuwa na nyimbo tisa, na zote nilizirekodi mwenyewe kwa maikrofoni moja. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema ili ijulikane kwamba kosa ninalotaka kulieleza halikufanywa na fundi mwingine.

Bendi iliitwa Umeme Kesho. Tulikuwa vijana wanne wa mtaa wa Katoyi, Goma: Séraphine mwimbaji, Landry wa gita, Habumugisha wa ngoma, na mimi Modeste, niliyepiga besi na kushughulika na kompyuta. Kazi yangu ni kutengeneza redio. Kurekodi nilijifunza peke yangu, kwa kusikiliza, kuharibu na kuanza upya. Tulipiga roki, ile yenye gita kali lakini yenye maneno ambayo mtu anaweza kuyaimba akifua nguo. Katika mji wa rumba na kwaya, watu walituuliza kama tunaumwa.

Jambo moja tulikuwa tumeapa: hatutatupa mabanga. Kwetu mwimbaji hulipaza jina la mtu mkubwa katikati ya wimbo, na jina hilo ndilo huitwa libanga. Ziko nyimbo zenye majina mengi kuliko maneno. Landry alikuwa akisema kwamba mpiga roki akitupa libanga, nyuzi zote sita za gita lake zitakatika siku hiyohiyo.

Tulipofika wimbo wa nne, umeme ukakatika mtaani kwa wiki tatu. Aliyetuokoa ni muzee Bulonza, mwenye maboti mawili ya mota pale Kituku, bandari ndogo ya ziwani. Alituazima jenereta yake na depo moja ya kuwekea magunia, karibu na maji. Hakuomba kitu. Alikuja mara moja tu, akakaa juu ya gunia, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Huyu wa ngoma, nani alimukosea?" Akacheka peke yake, akaondoka.

Aliyetaka tulitaje jina lake ni mama Pascasie, mama yake Séraphine. Alikuwa mchuuzi wa maharagwe. Tangu barabara ya Sake ifungwe, chakula kilipita majini, na yeye alivuka kila wiki kwenda upande wa Kalehe kununua na kurudi na mizigo. Siku moja alitupitia deponi na sufuria ya sambaza, vile visamaki vya ziwani.

"Papa Bulonza mumemutaja kwa wimbo gani?" aliuliza.

"Hatutaji watu, mama," Landry alijibu. "Sisi ni roki."

"Roki ni kabila gani hii yenye haijue kushukuru?"

Habumugisha alicheka hadi fimbo moja ya ngoma ikamponyoka. Mama Pascasie hakucheka.

"Mutu anawapa mashini, anawapa nyumba, munamunyamazia kama vile muliiba. Mimi napita hapa kila wiki. Nitamuangalia na macho gani?"

Séraphine aliniangalia. "Mara moja tu, Modeste."

Sikuona ubaya. Hata sasa, nikijipima, naona mama Pascasie alikuwa anatufundisha adabu.

Tuliliweka jina katika wimbo wa tano, uitwao "Nivushe". Ni wimbo wa msichana aliye ng'ambo ya ziwa, siku inakwisha na hajapata chombo. Anauliza, "Nani atanivusha?" Halafu, baada ya gita, anamalizia, "Nifike kwetu kungali mchana." Jina lilikaa vizuri hapo katikati. Séraphine aliuliza swali lake na kabla pumzi haijaisha akapaza, "Bulonza, papa wa Kituku!" Mwishoni mwa neno anasikika akizuia kicheko, kwa sababu mama yake alikuwa amesimama mlangoni na sufuria, akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hatukuurudia. Ulikuwa uimbaji wake bora kuliko wote aliowahi kunipa.

Diski ya kompyuta yangu ni ndogo. Kwa hiyo nilikuwa na utaratibu niliouandika kwenye daftari: wimbo ukikamilika, nachanganya sauti zote kuwa moja, nafuta sehemu zake, naanza mwingine. Nilifuta gita peke yake, ngoma peke yake, sauti peke yake. Nilijiona mtu wa mpangilio.

Tulizindua albamu Jumapili alasiri katika ukumbi wa parokia. Walikuja watu kama sitini, nusu yao ndugu zetu. Mtangazaji mmoja wa redio alisema binti ana sauti, ila gita zinamchosha msikilizaji. Nyimbo nane zilipita bila neno. "Nivushe" ilirudiwa mara mbili, na lilipofika jina, watu wa Kituku waliruka juu ya viti. Muzee Bulonza alikuwepo. Alisimama, akavua kofia, akaweka mkono kifuani. Kesho yake aliwaambia mabaharia wake: mama ya Séraphine asikatiwe tikiti tena, boti zangu ni zake.

Kabla ya hapo mama Pascasie alikuwa akipanda boti ya mtu mwingine, ndogo, inayoondoka alfajiri na watu wachache. Alipanda hiyo kwa miaka. Baada ya wimbo akahamia kwa Bulonza. Alisema ni aibu kukataa heshima.

Wiki ya tatu ya kupanda kwake huko, siku ya Alhamisi, boti ya Bulonza ilipinduka karibu kabisa na Kituku, saa tano asubuhi, wauza samaki wakiiona. Wengine wanasema ilijazwa kupita kiasi. Wengine wanasema abiria waliona pwani wakasimama wote upande mmoja. Nahodha alikufa, hawezi kuulizwa. Muzee Bulonza alitoweka siku hiyohiyo, na kutoweka kwake watu wamekuchukua kuwa jibu. Mimi sikuwa botini. Najua tu kwamba waliotolewa majini wakiwa hai walikuwa kumi na wanne, na mama Pascasie hakuwa mmoja wao. Hakuwa pia kati ya maiti zilizopangwa mchangani chini ya vitenge.

Séraphine alikaa Kituku akisubiri. Nilimkuta siku ya pili, ameketi kwenye mawe, miguu ndani ya maji. Nilikaa karibu naye. Nilikuwa na jambo moja tu kichwani: kwamba mama yake aliwekwa katika boti ile na wimbo tulioutengeneza. Nilingoja alitamke.

Nyuma yetu mwanamke mmoja alikuwa akitazama simu. Mtu alikuwa amepiga picha za video za boti ikipinduka, na mtu mwingine ameziwekea muziki. Nilisikia gita la Landry kabla sijaelewa. Kisha sauti ya Séraphine, safi kabisa, juu ya picha za watu wanaopiga maji kwa mikono: "Nani atanivusha? Bulonza, papa wa Kituku!" Na kile kicheko kidogo.

Mwanamke yule hakujua mwimbaji ameketi mbele yake. Alisonya, akasema kwa jirani yake, "Na huyu malaya aliyemuimba, angekuwa ndani pia."

Séraphine hakugeuka.

Mpaka Jumamosi video ile ilikuwa katika kila simu ya Goma. Nilipita Katoyi nikausikia wimbo katika nyumba saba. Tulikuwa tumeomba miaka mitatu tusikilizwe. Basi, ndivyo tulivyosikilizwa. Mlango wa Landry uliandikwa kwa makaa, WALAJI WA PESA ZA MAITI. Habumugisha alirudi kwao Masisi bila kuaga.

Jumapili Séraphine alikuja kwenye kibanda changu cha redio. Sauti yake ilikuwa imekauka, kama ya mtu mwenye homa.

"Toa ile jina, Modeste."

"Séra, sehemu zake nilizifuta."

"Toa tu. Ile ni sauti yangu. Mama alikuwa anaiitikia akipika. Sitaki ibakie imebeba ule mutu."

"Tunaweza kuurekodi upya."

Alifungua mdomo kuonyesha. Alijaribu mstari wa kwanza na pale kwenye noti ya juu hakikutoka kitu, ila hewa.

"Toa," alisema. "Mama njo aliomba. Mimi njo nilitamuka. Wewe ulikamata tu. Lakini sasa njo wewe unaweza."

Nilifanya kazi siku mbili. Nilijaribu kuokoa gita chini ya jina, nikashindwa. Kila nilipoligusa jina, kicheko kilibaki. Mwishowe nilikata kila kitu, kuanzia pumzi baada ya swali hadi kabla ya mstari unaofuata. Pakawa na shimo la sekunde mbili. Nani atanivusha, kimya, nifike kwetu.

Kisha nikaorodhesha vibanda vyote vinavyojaza nyimbo kwenye simu za watu, kumi na viwili, nikavizungukia kwa miguu. Nilianza kwa mama Katungu, mwenye kompyuta na spika mbili karibu na maegesho ya pikipiki. Nilimweleza polepole. Hakubishana. Alifuta faili la zamani mbele yangu, akaweka jipya, akalipiga kwa sauti ili tuhakikishe.

Wamotari watano walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao. Walikuwa wanaujua wimbo. Ulipofika swali, na baada ya swali kimya, wote watano kwa pamoja wakalijaza.

"Bulonza, papa wa Kituku!"

Walicheka hadi mmoja akalala kifudifudi juu ya tangi.

"Fundi, umetuachia nafasi," aliniambia. "Aksanti sana."

Nilivizungukia vibanda vile vingine kumi na kimoja kwa sababu vilikuwa kwenye orodha. Katika vinne ilitokea vilevile. Nilikuwa nimelitoa jina katika kinywa cha Séraphine na kuliweka katika vinywa vya mji mzima.

Sikumficha. Nilimkuta Kituku, pale kwenye mawe, nikamwambia yote. Nilikuwa nimefikiria dawa njiani, nikamwambia na hiyo: tuweke jina la mama yake ndani ya nafasi ile. Libanga la mama Pascasie. Lingetosha hapo, nilikuwa nimepima. Landry angeweza kulipaza.

Aliokota jiwe dogo, akalirudisha mahali pake.

"Mama hajapatikana," alisema. "Ukimuweka ndani ya wimbo, umemuzika. Wewe umemuona, mupaka umuzike?"

"Hapana."

"Basi."

Mvuvi aliyekuwa anatafuta maiti alipita na mtumbwi wake, pirogi ndogo, akatikisa kichwa kumwonyesha kwamba leo hakuna. Séraphine naye akatikisa chake, kama wafanyakazi wawili wanaosalimiana.

"Ile kimya ni fupi," Séraphine alisema. "Kwa ile wanaweza kucheka. Ongeza."

"Mpaka wapi?"

"Mupaka wachoke."

Niliongeza hadi sekunde ishirini na mbili. Si rahisi kueleza jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa redio kutengeneza kimya kirefu hivyo; mkono unataka kukikata. Nilirudi kwa mama Katungu Jumatano mchana. Wamotari walikuwepo, na yule wa tangi. Wimbo ulianza, wakaanza kupigapiga mapaja kwa viganja. Nani atanivusha?

"Bulonza!"

Wakacheka. Kicheko kikaisha. Wimbo haukurudi.

"Simu imekufa," mmoja alisema.

"Si simu, ni kompyuta," mama Katungu alisema. "Haijakufa. Angalia, namba zinatembea."

Waliziangalia namba. Yule wa tangi alifungua mdomo tena, akaona kwamba hakuna anayemfuata, akaufunga. Mwanamke aliyekuwa akimenya maembe alishikilia kisu bila kumenya. Hakuna aliyewaambia wanyamaze. Nadhani kila mmoja aliyekuwa na mtu wake majini alianza kumwona, kwa sababu yule wa tangi alivua kofia yake ya chuma, akaiweka magotini, akaitazama ndani. Ndipo sauti ya Séraphine ilipoingia, peke yake: "Nifike kwetu kungali mchana."

Hakuna aliyeomba urudiwe. Mama Katungu aliufunga wimbo, akaniuliza kama nina njaa.

Nilikwenda Kituku nikitembea haraka. Nilitaka kumpa Séraphine jambo moja tu lililofanikiwa. Nilimweleza kuhusu kofia, kuhusu kisu, nikampa simu yangu na vipokea sauti vya masikioni. Alisikiliza akitazama maji. Niliona kwenye skrini ya simu mahali alipofika: swali, kisha kimya. Sekunde kumi. Kumi na tano. Pirogi ya mvuvi ilikuwa mbali, ikizunguka mahali palepale pa jana. Sekunde ishirini na mbili zilipofika, sauti yake mwenyewe ilipoanza kuomba kufika nyumbani, aliushika waya akavichomoa vipokea sauti kwa ghafla, kama mtu aliyekatizwa maneno.

"Bado," alisema. "Nilikuwa bado namungoja mama. Umenirudisha mbio. Ongeza tena."

"Séra, wamenyamaza. Imetosha kwao."

"Kwao, ndiyo."

Niliitoa kompyuta begani, nikaifungua juu ya mawe. Betri ilikuwa imebaki asilimia thelathini na moja. Nilisukuma mstari wa mwisho mbele, dakika moja, nikamtazama. Bado alikuwa anaangalia pirogi. Nikausukuma tena.