Mnyororo Usio na Nyota

Sironka hakuwa mtu wa kupayuka. Lakini asubuhi ile, mbele ya kiwanda cha mbao chini ya msitu wa Meru, sauti yake ilisikika mpaka migombani.

"Ulijua!" alimwambia Mjerumani, msimamizi wa kiwanda. "Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha!"

Na kweli aliwafundisha. Minyororo ilipoletwa kutoka pwani, aliwakusanya waendesha maksai wote, akawaonyesha chapa zilizogongwa kwenye chuma. Yenye nyota ni daraja la kwanza, imejaribiwa kwa mzigo mzito, ndiyo ya kuvutia magogo. Isiyo na nyota ni daraja la pili, ya kufungia malango na mbwa. Atakayechanganya, akasema, atakula viboko.

Kisha yenye nyota akamuuzia mlowezi mmoja wa Momela. Jana akawatolea ile mingine. Koikai, aliyetahiriwa pamoja na Sironka, aligeuza pingili ya mnyororo mkononi akauliza, "Bwana, nyota iko wapi?"

"Mnyororo ni mnyororo. Twende kazi!"

Mteremkoni ukakatika. Gogo lilimviringikia Koikai, na jua halijazama alikuwa amekwisha kufa.

"Ilikuwa ajali," msimamizi alisema sasa. "Maksai walivuta vibaya."

Damu ilimpanda Sironka kichwani. "Maksai? Maksai ndio waliouza mnyororo?"

Msimamizi akamwita askari wake. Kabla hajafika, Sironka aliwafungua maksai nira, akawacharaza fimbo, wakatokomea msituni. Wenzake wakatazamana, kisha mmoja mmoja nao wakafungua wa kwao.

Alichapwa palepale, amelazwa juu ya vumbi la mbao. Hakulia. Alikuwa na hasira mno, hata maumivu hayakupata nafasi. Alipoinuka alikwenda zake nyumbani, na wenzake hawakurudi kazini. Magogo yakalala msituni hadi mvua zikaanza, ndipo msimamizi akashindwa, akaagiza minyororo mingine ya daraja la kwanza. Ikafika upesi.

Sironka alimpelekea habari hiyo Nosim, mjane wa Koikai, akidhani itampoza moyo kidogo. Nosim alikuwa akikamua ng'ombe. Aliacha kukamua, akamkazia macho.

"Kumbe ilikuwa inapatikana," alisema.

 Sironka alisimama pale huku makovu ya mgongoni yakimwaka moto, na hasira aliyodhani imepungua ikamrudia yote.