Kaburi ya Norbert Ilichipuka

Kaburi ya Norbert ilichipuka siku ya Mungu, kisha ibada, na mutu wa kwanza kuiona alikuwa mama yake mwenyewe.

Mama Constance alikuwa anapita nyuma ya nyumba ya yaya yangu, dada yangu mukubwa Dorothée, hapa Lweba, na fimbo yake, na Biblia chini ya kwapa. Tulisikia anaita mara moja tu, sauti kidogo, kama mutu mwenye amekanyaga nyoka na hataki nyoka ijue. Tulikimbia. Katikati ya udongo wa kaburi kulikuwa kamutoto ka mugomba, jani limejifunga kama sigara, kijani kabisa, linaangalia juu.

Wote tulirudi nyuma hatua moja. Hata mimi, mwenye kila siku natafuta kintu ya kucheka.

Mutu wa mbali anaweza kuuliza: mugomba imeota, shida iko wapi? Mutakula ndizi. Basi nieleze.

Norbert, bwana ya Dorothée, alipotea ku ziwa. Alitoka Kazimia na pirogue ya moteur, mutumbwi wa injini, upepo ikabapindua. Benzake baliokolewa, yeye hapana. Tulimutafuta mpaka macho ikavimba. Sasa kwetu, mutu akikataliwa na maji kurudi, tunazikaka mugomba mu nafasi yake. Lakini si ovyo. Ndugu ya marehemu anaenda ku shamba peke yake. Anakata shina juu ya udongo. Kisiki na mizizi inabakia kule kule. Anavalisha shina shati ya marehemu, anaifunga mu mukeka, analeta. Hakuna mwenye anafunguaka kuangalia. Na muzizi hauingiake mu kaburi, hata mumoja, juu kile unazika kinapaswa kuoza na kumalizika. Shina bila kisiki haiotake, hata mutoto mwenye angali ku mugongo anajua. Njo maana tuliogopa. Kama imeota, basi kule chini si shina njo iko.

Mwenye alienda kukata ile siku alikuwa Anatole, kaka mukubwa wa Norbert, mutu wa biashara ya samaki Kazimia. Mimi nilikuwa kati ya babebaji, upande wa miguu. Bega langu lilishuka mpaka nikamunong'onezea wa mbele: "Norbert alikula bugali ya safari." Akacheka, akakosa hatua, karibu tumuangushe marehemu. Mama Constance alinitupia jicho yenye ningali nayo mpaka leo.

Pasta Élie alitoka Baraka na moto, pikipiki yake, akahubiri neno la musalaba. "Bwana mwenyewe alisema: Imekwisha. Basi na sisi tumalize." Na kweli tulimaliza, mbio mbio. Anatole njo alisukuma. Dorothée aliomba bamungojee kidogo mbele ya kumaliza kilio.

"Ungoje nini, shemeji?" Anatole alimuuliza.

"Ningoje tu."

"Maji haingojewake."

Tulizima moto wa kilio na maji ya ziwa, tukanyolewa kichwa, Dorothée akavua kitenge nyeusi ya kilio. Imekwisha. Kisha mvua ikanyesha, na sasa hii.

Anatole alifika kutoka soko, akapasua katikati ya bantu, akaona lile jani. Uso wake uligeuka majivu. Alisimama pale mpaka nikafikiri ataanguka. Kisha akanyoosha kidole ku nyumba ya yaya yangu.

"Ni ule mwanamuke. Alisema atangoja, mulisikia wote! Hakutaka kaka yangu amalizike. Amemufunga kule chini. Norbert hayuko muzima, hayuko mufu."

"Shemeji, pole pole," nikasema. "Ni jani tu."

"Jani? We Dany, hii njo masomo yenye ulienda kusoma? Shina bila kisiki ilishaotaka?"

Nyuma yetu mutu akasema "mulozi," ni kusema muchawi. Sijui nani. Kwetu ile neno haina mwenyewe. Inatoka tu, na kisha kila mutu anaishika. Bijana balienda, bakarudi na bidon ya essence, dumu ya petroli yenye banauzishaka benye pikipiki. Baliiweka chini, mu kivuli cha nyumba ya Dorothée, pole pole, kama mugeni anaweka muzigo yake.

Mumoja alisema: "Jua isishuke akiwa hapa." Hakusema kile kingefanyika kama jua ingemukuta. Haikukuwa lazima. Mwaka ule ku kijiji ya pembeni balimuchoma mwanamuke, na ile nyumba mpaka leo haina bati.

Niliingia ndani. Yaya alikuwa anafunga bintu yake mu kitenge, na kifundo ilikuwa inamushinda. Anafunga, inafunguka.

"Dany," akasema bila kuniangalia, "we ulisoma mambo ya Mungu. Mwisho ni nini?"

"Yaya, nilitoka théologie mwaka wa pili. Ufunuo ilikuwa ya mwaka wa tatu. Juu ya mwisho wa dunia sina syllabus."

Kila siku ile inamuchekeshaka. Ile siku hapana.

"Mi siogopi bidon tu," akasema. "Naogopa kama banasema kweli. Nilimuita sana, Dany. Mu maombi, kila asubui, nilisema Bwana, umurudishe. Kama alinisikia je? Kama alikuja nusu, akashindwa kutoka?"

Nilitafuta mupira ya kumutupia, kintu ya kucheka, juu mi nikiogopa njo nachekaka zaidi.

"Nikuambie," nikasema. "Professeur alitufundisha: ile Injili ya Marko, mu karatasi ya zamani sana, haimalizikake vile tunaijua. Inaishia kwa bamama. Baliona kaburi wazi, bakakimbia, habakuambia mutu, juu baliogopa. Nukta. Nilinyoosha mukono nikasema, Professeur, basi Marko naye alitoka ku masomo mbele ya kumaliza! Balinifukuza inje."

Aliacha kufunga. "Ile njo mwisho?"

"Njo mwisho."

"Mwisho ya habari njema ni woga?"

"Mu ile karatasi, ndiyo."

"Lakini bamama bale balisema kisha," akasema pole pole. "Kama habakusema, sisi tungejua namna gani?" Kisha: "Balikuwa banaenda kufanya nini kule?"

"Kupaka maiti mafuta. Njiani banaulizana nani atabatolea lile jiwe ku mulango, juu lilikuwa lizito..."

Mudomo yangu ilisimama pale. Bega langu njo lilikumbuka mbele ya kichwa.

Lizito. Ile mukeka, upande wa miguu, upande yangu. Shina ya mugomba ni maji; ni nzito, ndiyo, lakini inalingana, huku na kule. Ile haikulingana. Upande yangu ilikuwa kama tumefunga jiwe.

"Yaya, jembe iko wapi?"

Nilipotoka na jembe, bantu balifungua njia haraka kuliko ningetaka. Nilitumaini mumoja atanizuia. Pasta Élie alikuwa amefika, bamemupigia simu, lakini alisimama nyuma ya lupango, ule uzio, na casque, kofia ya pikipiki, ingali ku kichwa.

"Dany! Kaburi ikifungwa kwa jina la Bwana haifunguliwake!"

"Pasta, ya Bwana mwenyewe ilifunguka."

Bantu baliguna. Ilikuwa jibu ya kijinga, na nilijua, juu kama nimekosea hesabu ya bega langu, kabla jua haijashuka tungekuwa babili mu ile nyumba.

Nilianza pembeni ya kamutoto. Kaburi ya mugomba haichimbwake mpaka chini sana. Udongo ulikuwa mubichi, unatoka na sauti ya kunyonya. Dorothée alikuja akasimama karibu yangu, peke yake, hakuna mwenye alimukaribia. Jembe ikagusa mukeka. Ilikuwa imeoza, ikapasuka, na harufu ikatoka, harufu ya maji ya zamani. Nikaona shati. Shati ya Norbert ya mistari ya bulu, yenye alivaa ku harusi yao. Na chini ya shati, kintu ya muviringo, kubwa kama kichwa ya mutu, na nywele.

Mama mumoja alilia. Bengine balianza kukimbia. Miguu yangu nayo ilitaka kwenda, na nikaiambia ingoje, haikusikia, nikajikuta nimeshatoka nje ya shimo. Dorothée hakusogea. Alipiga magoti, akanyoosha mukono kufungua shati.

"Wacha!"

Ni Anatole. Alishika jembe yenye nilikuwa ningali nayo, kwa mikono yote mbili, akaivuta.

"Wacha, shemeji. Usifungue. Ni kisiki. Ni mimi."

Hakuna mutu alielewa. Mama Constance alikuja na fimbo yake mpaka mbele ya uso wake. "We ulifanya nini?"

"Nilikata kwanza vile desturi inasema, mama. Kweli. Shina ndogo, yenye ilikuwa karibu. Nikaivalisha, nikaifunga, nikabeba." Alikuwa analia sasa, mwanaume mukubwa, ndevu yote maji. "Ilikuwa nyepesi. Ilikuwa kama kubeba mukeka bila mutu. Norbert alikuwa mutu muzito, mama, unajua. Mara ngapi tulimubeba kutoka bar? Nikasema, kaka yangu hatazikwa kama kuku. Nikaitupa. Nikachimbua ingine na kisiki yake yote."

Zile nywele zilikuwa mizizi.

"Na juu ya nini ulinyamaza?" nikamuuliza. "Ulimunyooshea yaya yangu kidole!"

"Nilipoona lile jani niliogopa. Mungesema ni mimi. Mimi njo nilimuzuia asimalizike." Akamuangalia Dorothée, kisha udongo. "Labda ni kweli."

Kijana mumoja alienda ku kivuli, akabeba bidon, akaondoka nayo akiangalia juu, kama mutu anatoka kuteka maji. Dorothée alimufuata na macho mpaka akapotea. Kisha akaninyooshea mukono, nikamuinua.

Pasta Élie ndipo akaingia, casque mukononi. Alisema sasa tung'oe ile kintu, tukate shina muzuri, tuzike upya leo leo, atasoma tena neno lile lile la musalaba.

"Hapana," Mama Constance akasema.

"Mama, bila hivyo haijamalizika..."

"Pasta, mulinizikia mutoto wangu mara moja kwa haraka. Mara ya pili hapana." Alishika kale kamutoto na bidole bibili, bila woga, au na woga yenye hakutaka tuone. "We ulihubiri Bwana alisema imekwisha. Alisema mbele ya kumaliza kazi, au kisha ya kumaliza?"

"Kisha, mama."

"Basi. Mugomba inamalizaka wakati imezaa, si wakati unaikata. Rudisheni udongo. Dorothée anabakia mu nyumba yake. Na ikizaa, Anatole, we njo utakula ya kwanza, hapa, mbele yetu wote. Kisha tutamaliza kilio."

Sikuona mutu mwenye alifurahi. Ile neno ilimuokoa yaya yangu, lakini sisi wote ilitufunga pamoja na ile mugomba.

Ikakomaa vile mugomba inakomaaka, bila kuuliza mutu. Bantu balikata njia ingine ya kwenda ku ziwa. Batoto habakucheza pale. Anatole aliacha biashara ya Kazimia mikononi mwa mutu mwingine, akawa anakuja kupalilia, na upepo ikigusa jani anaruka pembeni. Siku moja nilifikiri nijifiche nyuma ya shina nikohoe kama Norbert. Niliacha. Si huruma. Sikuweza kusimama pale.

Dorothée njo alikuwa anafagia kuizunguka kila asubui. Nilimuuliza kama haogopi. "Naogopa," akasema, na akaendelea kufagia.

Ikatoa mukungu. Kidole ya ndizi ya kwanza ilipoanza kugeuka manjano, Anatole mwenyewe alienda kuita bantu. Alisema hawezi kulala tena. Tulikuja wote, na bale bijana ba bidon balisimama mbali, ku lupango, kofia mukononi. Mama Constance alikata ndizi moja akamupa. Anatole alimenya. Aliipeleka ku mudomo, akairudisha. Akaipeleka tena.

"Siwezi, mama."

"Utakula."

"Ni yeye. Nitakula kaka yangu."

Dorothée akatoka mu bantu. Sikujua atafanya nini. Nilifikiri ya kile kidole Anatole alimunyooshea, ya ile bidon, na ningekuwa mimi ningemusukumia ile ndizi mpaka ku koo. Aliitoa mu mukono ya Anatole, akaivunja bipande bibili. Nusu akaweka mu kinywa chake mwenyewe, mbele ya Anatole. Akatafuna. Akameza. Nusu ingine akamunyooshea.

"Kamata, shemeji."

Anatole akafunga macho, akakula.

Tulingoja. Sijui tulingoja nini: radi, sauti, Norbert. Ku ziwa pirogue moja ya moteur ilikuwa inapita, inaenda upande wa Baraka, na bantu bote baligeuza shingo kuiangalia mpaka ikapita.

"Inakuwa namna gani?" Mama Constance akauliza, sauti kidogo, ile ile ya siku ya kwanza.

Dorothée alipanguza mudomo.

"Ni ndizi, mama," akasema. "Lakini haijaiva muzuri. Tuliharakisha tena."